Tumbo Lililolegea Baada ya Uzazi: Daktari Awajibu Wasomaji

SWALI: Assalaam aleikum, Daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkaazi wa Kisauni, na umri wangu ni miaka 38. Kila nilipojifungua nilikandwa maji ya moto na kufungwa mkaja siku 40, kama alivyofungwa mama yangu, lakini tumbo halikurudi. Ngozi imening'inia juu ya kovu la upasuaji wa uzazi, jasho likituama hapo natoka upele, na ninapoinuka kitandani hutokeza tuta katikati ya tumbo. Nimepungua kilo 14 na nimekaa na uzani huu mwaka mzima. Sina nia ya kuzaa tena. Upasuaji wa kukaza tumbo ni nini hasa, na nitarajie nini?
Mama wa Watatu, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Kwanza, usijilaumu wala usimlaumu aliyekufunga mkaja. Mkaja huegemeza tumbo na mgongo mama anapopata nguvu, lakini hauwezi kurudisha ngozi iliyokwisha mvuto wake, wala kuunganisha misuli iliyoachana.

Hilo tuta huenda ndilo jambo kubwa zaidi katika barua yako. Misuli miwili hushuka sambamba kutoka mbavuni hadi kinenani, ikishikanishwa katikati na utando ambao mimba huutanua, na kwa baadhi ya wanawake utando huo haurudi. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha bonyeza kwa vidole juu kidogo ya kitovu. Vidole viwili au zaidi vikizama katikati, yamkini misuli yako imeachana. Hata hivyo, tuta laweza pia kuwa ngiri, kwa hivyo ni lazima daktari akupime kwa mkono na pengine kwa picha. Mazoezi chini ya mtaalamu wa viungo huipa misuli hiyo nguvu, nami ningependa uyajaribu kwa miezi kadhaa kabla ya kisu. Ngozi inayoning'inia, lakini, haiondolewi na zoezi lolote.

Katika upasuaji wenyewe, ambao aghalabu huchukua saa mbili hadi nne, utalazwa kwa nusu kaputi. Daktari hukata chini ya tumbo, kutoka nyonga moja hadi ya pili, na mara nyingi kovu lako la uzazi huondoka pamoja na kipande kinachotolewa. Huinua ngozi hadi karibu na mbavu, hushona misuli ikutane, huivuta ngozi chini na kukata iliyozidi. Kitovu hubaki kwenye shina lake, nayo ngozi hutobolewa tundu jipya ili kijitokeze. Michirizi ya chini ya kitovu huondoka na ngozi iliyokatwa. Ile ya juu hushuka tu. Upele wa kwenye kunjo, kwa kawaida, nao hupata nafuu.

Kovu jipya litakuwa refu kuliko ulilo nalo, na halifutiki. Huweza kuchukua mwaka na zaidi kufifia, na sisi wenye ngozi nyeusi huwa wepesi zaidi wa kuota keloidi. Tazama kovu lako la uzazi na matundu ya masikio yako: ikiwa paliota uvimbe mgumu, mwambie mpasuaji mapema.

Sasa nakuomba uifikirie nyumba yako, kwa sababu wengi humtafuta daktari kwa miezi na wasitafute hata siku moja atakayewashikia jiko. Wiki ya kwanza utatembea umeinama, huku vibomba vidogo vikitoa maji ya jeraha kwenye vichupa vilivyofungwa kiunoni. Utalala mgongo umeinuliwa na mito chini ya magoti. Kwa muda wa wiki sita hivi hutabeba dumu la maji, hutamnyanyua mtoto, wala hutakalia mbuzi kukuna nazi, kwa maana kule kuinama na kusukuma ndiko kunakovuta mishono ya misuli. Utasali ukiwa umekaa kitini mpaka daktari akuruhusu kurukuu na kusujudu. Mkanda wa tumbo huvaliwa wiki kadhaa mchana na usiku, na kwa joto letu la kaskazi hiyo ni adhabu. Ningekuwa wewe ningechagua miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, hewa inapopoa.

Jambo moja nalisisitiza: usikandwe maji ya moto. Ngozi ya chini ya kitovu hufa ganzi kwa miezi, na inaweza kuungua bila ya wewe kuhisi chochote.

Hatari zipo. Maji au damu yaweza kukusanyika chini ya ngozi, jeraha laweza kuingia vijidudu, na kingo zake zaweza kufa, hasa kwa mvutaji wa sigara au shisha, ambaye ni lazima aache angalau wiki nne kabla na wiki nne baada. Ninayoiogopa zaidi ni damu kuganda miguuni na kupanda mapafuni. Ndiyo maana utatembezwa mapema, hata kwa maumivu. Mwambie daktari kila unachotumia: vidonge vya uzazi wa mpango, aspirini, dawa za miti shamba. Hakikisha pia kwamba mpasuaji amesajiliwa na KMPDC, baraza la kusajili madaktari nchini Kenya, kuwa bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, na kwamba hospitali ina daktari wa nusu kaputi na chumba cha wagonjwa mahututi. Anayekutajia bei kabla ya kulitazama tumbo lako, mwepuke.

SWALI: Daktari, nina miaka 26, kilo 96, na harusi yangu ni baada ya miezi mitatu. Nataka tumbo lipungue haraka kwa upasuaji.
Bi Harusi Mtarajiwa, Likoni

JIBU: Binti yangu, usifanye. Upasuaji huu hautibu unene. Mafuta yaliyo ndani, baina ya matumbo, hayafikiwi na kisu hiki, na uzito mkubwa huzidisha hatari zote nilizozitaja juu. Tena ukishika mimba baada ya harusi, tumbo litatanuka upya. Subiri umalize uzazi, uache kunyonyesha, na uzani wako utulie angalau miezi sita. Kwa sasa muone mtaalamu wa lishe, na umwambie fundi akushonee gauni la mwili ulio nao.

SWALI: Mke wangu atafanyiwa upasuaji huu mwezi ujao. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, ngazi zake ni kali, na chumba chetu kiko juu. Nimsaidie vipi?
Mume, Mji wa Kale

JIBU: Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza mapema. Mteremshieni kitanda chini kwa wiki mbili za mwanzo. Choo kikiwa cha kuchuchumaa, tafuteni kiti cha kuwekwa juu yake. Asubuhi na jioni pima maji ya kila kichupa na uyaandike daftarini, kwani kwa hesabu hiyo daktari ndiye atakayejua siku ya kuvitoa vibomba. Mtembeze ndani mara kadhaa kwa siku, taratibu. Homa, harufu jerahani, au tumbo kuvimba upande mmoja ghafla ni sababu ya kumpigia daktari siku hiyohiyo. Lakini akivimba mguu mmoja, akibanwa na pumzi au akiumwa na kifua, mpelekeni hospitali papo hapo, hata ikiwa ni saa tisa ya usiku.