Bibi yako aliomba kwa sauti

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma jana jioni, leo asubuhi nikairudia. Unauliza kama uendelee kumwomba Mungu aiponye figo ya mumeo, au sasa uombe nguvu ya kuvumilia tu, maana kusafisha damu mara tatu kwa wiki kumewamaliza, na mzee wa kanisa hapo kwenu amekuambia kung'ang'ania ombi ni kumfundisha Mungu kazi.

Huyo mzee amenikumbusha mwingine.

Tetemeko lilipotupiga hapa Bukoba, Jumamosi ile ya tarehe 10 Septemba 2016, wewe ulikuwa chuoni Dar. Uliambiwa kwa simu kwamba nyumba ya bibi yako imeanguka. Hukuambiwa alichosema usiku wake. Tulilala nje, migombani, pamoja na majirani, na kila ardhi ilipotikisika tena watoto walipiga yowe. Yeye hakulala. Nyumba ile unaijua: aliijenga akiwa mjane, kwa fedha ya kahawa, msimu kwa msimu, chumba kwa chumba. Usiku wa manane akasimama, akakaza kitenge kiunoni, akamwambia Mungu huku mtaa mzima unasikia: "Si wewe unayejiita mtetezi wa wajane? Mjane ndiye huyu, yuko nje. Nataka nyumba yangu. Nisipoipata leo, kesho nitakuuliza tena."

Mwili ulinisisimka. Nilimtazama mama mkwe wangu nikaogopa kuliko nilivyoliogopa tetemeko. Lakini nilifurahi pia, mwanangu, nilifurahi sana. Sikuwahi kumsikia mtu akimsemesha Mungu kama mtu anayejua kwamba yupo.

Asubuhi tukasali chini ya mti kwa kuwa kuta za kanisa zilikuwa zimepasuka. Ibada ilipokwisha mzee mmoja akamfuata, mbele za watu, akamwambia Mungu hakaripiwi, na kwamba misiba mingine ni adhabu. Adhabu! Amwambie hivyo mwanamke aliyelea yatima wa ndugu zake pamoja na wanawe! Mpaka leo neno lile likinijia nikiwa napika, huweka mwiko chini kwanza. Bibi yako wala hakupandisha sauti. Alimjibu kwamba hata Bartimayo, yule kipofu aliyemlilia Yesu kule Yeriko, watu walimkemea anyamaze, naye akazidi kupaza sauti. "Mungu haogopi sauti zetu," akasema. Umelelewa na maneno hayo, najua umeyachoka, nami nayarudia: Mungu haogopi sauti zetu.

Tena Bwana alimwuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini. Kipofu! Nani asiyejua kipofu anataka nini? Lakini alitaka aliseme mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya wale wale waliokuwa wanamnyamazisha.

Najua utanijibu, maana mimi mwenyewe hujijibu hivyo usiku. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake uondolewe, haukuondolewa, akaambiwa neema yamtosha. Na nyumba ya bibi yako haikurudi. Tulimjengea chumba kimoja uani, na humo ndimo alimofia. Je, hilo ndilo lilikuwa jibu lake? Siku nyingine nasema ndiyo, kwa kuwa alikaa humo hana uchungu na mtu. Siku nyingine naupita ule msingi uliobaki nasema hapana, alistahili nyumba yake. Lakini Paulo naye aliomba kwanza. Alivumilia baada ya kujibiwa. Hakuanza kuvumilia kwa sababu alionea haya kuomba.

Sasa unataka nikuambie ndiyo au hapana. Nimeandika jibu, nikalikata. Bibi yako angekuambia papo hapo, na mkono wangu unanivuta niandike ambalo yeye angesema. Sitaandika, kwa sababu mimi silali pembeni ya kile kitanda, wewe ndiye unayelala hapo. Ninalokukataza ni moja tu: usipunguze ombi lako kwa ajili ya mzee yeyote.

Na kuna jambo sikuliona kwenye barua yako. Mkwe wangu mwenyewe anataka aombewe nini? Kupona, kupumzika, apate figo ya ndugu, nini? Muulize akiwa ametulia, siku ambayo hakwenda kusafishwa damu, kisha uniandikie alivyosema, kwa maneno yake.

Mama yako