Nani Alishambulia Mpeketoni? Ushauri kwa Wanaopima Ushahidi Unaogongana

Juzi kijana mmoja wa chuo kikuu, kwao Witu, alinitumia ujumbe mrefu wa WhatsApp. Anaandika tasnifu kuhusu usalama wa Lamu, pwani ya Kenya, na amekwama kwenye shambulio la mji wa Mpeketoni la 2014. "Ami," ameandika, "Rais alisema si al-Shabaab. Al-Shabaab wenyewe walisema ni wao. Walionusurika kila mmoja ana lake. Msimamizi wangu anataka nitaje ni nani. Nimwamini yupi?"

Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti, mrefu kuliko alivyoomba, kisha nikaona jibu lenyewe niliweke hapa. Najua wengi mnaonisoma mna hamu ileile: mnataka kuwa wachambuzi, muitwe studio, simu zenu zilie jambo kubwa likitokea. Vizuri. Ila nisikilizeni kwanza, maana swali la kijana huyu mimi lilinigharimu kazi.

Jumapili usiku, tarehe 15 Juni 2014, mji wa Mpeketoni ulivamiwa na watu wenye silaha huku wengi wakitazama Kombe la Dunia. Walivamia kituo cha polisi, wakachoma hoteli na majengo, wakawatenga wanaume na kuwaua. Karibu watu 50 walikufa usiku huo. Usiku wa pili wakaingia vijiji vya jirani, Majembeni na Poromoko, wakaua wengine zaidi ya 10. Jumatatu al-Shabaab wakatoa tamko kwamba ni wao. Jumanne Rais Uhuru Kenyatta akalihutubia taifa, akasema haikuwa kazi ya al-Shabaab. Alisema zilikuwa ghasia za kikabila zilizopangwa kisiasa, na kwamba ushahidi unaonyesha mitandao ya kisiasa ya hukohuko ilihusika.

Mimi wakati huo nilikuwa mtayarishaji wa kipindi cha jioni katika redio moja mjini Mombasa. Usiku wa hotuba ile nilikaa nikaandika kipande kinachosema kwamba kauli hizi mbili zinaweza kuwa na ukweli nusunusu, kwamba tamko ni dai na hotuba nayo ni dai, na kwamba msikilizaji aambiwe kipi kimethibitishwa na kipi bado. Mhariri alikisoma, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Wasikilizaji hawataki darasa. Chagua upande." Nikakataa. Kipande hakikurushwa. Mkataba wangu ulipokwisha haukuongezwa, na sababu niliyopewa ilikuwa bajeti. Bajeti! Kiti changu hakikupoa, kuna mtu keshakalia.

Barazani hali haikuwa nafuu. Kumbukeni siku zile: Raila Odinga, kiongozi wa upinzani, alikuwa ametua kutoka Marekani mwishoni mwa Mei, mikutano ya upinzani ilikuwa inaelekea ule mkubwa wa Saba Saba, tarehe 7 Julai, nchi imegawanyika pande mbili. Aliyeipigia kura Jubilee, muungano wa Rais, alijua kabla hajamaliza kahawa kwamba hii ni siasa. Aliyeipigia CORD, muungano wa upinzani, alijua ni al-Shabaab, na kwamba serikali imeshindwa kulinda watu hata miezi tisa haijatimia tangu al-Shabaab washambulie jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Ungeweza kukisia jibu la mtu kwa kuangalia kura yake tu. Mimi niliyesema tungoje nilipewa jina: Bwana Huenda. Kuna mzee pale Marikiti ananiita hivyo mpaka leo, na kila akiniita inanichoma. Sioni haya kusema.

Sasa ushauri wenyewe. Usiulize "nani alifanya" kama swali moja. Nani alishika bunduki? Nani aliwatuma? Nani aliwaonyesha njia? Nani alipewa habari asifanye kitu? Ukiyatenganisha utaona nusu ya ugomvi wa Mpeketoni ni watu wanaojibu maswali tofauti huku wakipigiana kelele. Katika hotuba ileile Rais alisema polisi wa pale walikuwa wamepewa taarifa za kijasusi na hawakuchukua hatua. IPOA, mamlaka ya kusimamia utendaji wa polisi, nayo baadaye ikakosoa vikali namna walivyoshughulikia uvamizi ule. Hayo yanajibu swali la mwisho tu. Lakini nimewasikia watu, tena wenye shahada, wakisema: polisi walizembea, kwa hiyo ilikuwa kazi ya ndani. Hapana. Uzembe ni ushahidi wa uzembe.

Walionusurika nao wasomwe hivyohivyo. Mmoja alisikia Kisomali, mwingine akasikia Kiswahili, mwingine aliona bendera, mwingine anasema watu waliulizwa dini na kutakiwa watamke shahada. Wachambuzi wa barazani walichagua shahidi mmoja na kuwaita wengine waongo. Mji ule ulishikwa kwa saa kadhaa, usiku, na watu wengi waliotawanyika mitaa mbalimbali. Aliyejificha nyuma ya duka hakusikia alichosikia aliyelala shambani. Kabla hujamhukumu shahidi, muulize alikuwa wapi, aliona nini kwa macho yake, na kipi aliambiwa asubuhi.

Halafu angalia kila msemaji anafaidika na nini. Rais akikubali ni al-Shabaab, anaulizwa kuhusu jeshi lililoko Somalia tangu 2011, kuhusu watalii, kuhusu Westgate. Akisema ni siasa, mzigo unahamia kwa wapinzani wake. Al-Shabaab wakidai ni wao, wanajipatia sifa na vijana wapya. Kwa hiyo wote wana maslahi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wakishaona maslahi wanadhani wameona uongo. Maslahi yanakuonyesha pa kuchimba, hayakwambii utakachokuta chini. Daktari wa hospitali ya kulipia naye anafaidika ukiumwa, na bado huenda kweli unaumwa.

Mfano mzuri uko Hispania. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka kwenye treni za Madrid, watu zaidi ya 190 wakafa, siku tatu kabla ya uchaguzi. Serikali ikasema ni ETA, wale wapiganaji wa Kibaski. Siku hiyohiyo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 1530 likiitaja ETA kwa jina. Hebu fikiria, muhuri wa dunia nzima, ndani ya saa chache! Wakati huohuo polisi walikuwa wamekuta gari lenye viwasha bomu na kanda ya kisomo cha Kurani, na usiku ule wakapata begi ambalo bomu lake halikulipuka. Ndani yake mlikuwa na simu, na simu ikawapeleka kwa watu waliokamatwa tarehe 13. Mwaka 2007 mahakama ikawatia hatiani watu 21 na haikuona mkono wa ETA. Serikali ilikuwa na sababu ya kutamani iwe ETA, maana ilikuwa imeunga mkono vita vya Iraq ambavyo wananchi wengi hawakuvitaka. Ila kilichoiumbua ni begi. Bila begi tungebaki na shuku.

Na msiniambie "lakini al-Shabaab wenyewe walikiri" kana kwamba kukiri kunamaliza kesi. Mwaka 2017 mtu mmoja alipowafyatulia risasi watu kwenye tamasha la Las Vegas, kundi la Dola ya Kiislamu lilidai ni askari wake. FBI walichunguza, hawakuona uhusiano wowote. Kundi lenye njaa ya sifa hudai hata lisichokifanya. Na mwaka 1998, balozi za Marekani zilipolipuliwa Nairobi na Dar es Salaam, tamko la kwanza lilikuja kwa jina la jeshi ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Al-Qaeda ikafahamika kutokana na watu waliokamatwa. Tamko ni mwanzo wa uchunguzi.

Basi nini kinatosha? Kitu ambacho asiyekuwepo hawezi kuwa nacho. Kwa Mpeketoni kilikuja polepole, baada ya redio zote kuhamia habari nyingine. Mwaka 2015 al-Shabaab walitoa video yenye picha za uvamizi ule, zilizopigwa na waliokuwa upande wa wenye bunduki. Juni mwaka huohuo, karibu mwaka kamili baada ya Mpeketoni, kambi ya jeshi ya Baure hapohapo Lamu ilishambuliwa, washambuliaji 11 wakauawa. Jeshi likasema mmoja wao ni Luqman Osman Issa, Mkenya, aliyeongoza shambulio la Mpeketoni. Tazameni vizuri anayesema hapo: jeshi la serikali ileile ambayo kiongozi wake alisema si al-Shabaab. Shahidi anayesema jambo lisilomfaidi upande wake, huyo mpe uzito.

Upande wa pili ulitoa nini? Gavana wa Lamu, Issa Timamy, alikamatwa na kushtakiwa mwezi uleule wa Juni. Baadaye mashtaka yakaondolewa kwa kukosa ushahidi, na mwaka 2022 wananchi wakamrudisha ofisini. Nadharia ya njama ya wanasiasa ilipewa polisi, waendesha mashtaka na nguvu zote za dola, ikarudi mikono mitupu.

Kuna ardhi. Msomaji wa Lamu atanilaumu nisipoitaja. Mpeketoni ni mji wa mpango wa makazi wa Lake Kenyatta, wa miaka ya sabini, na walowezi wengi walikuwa Wakikuyu kutoka bara. Uchungu wa wenyeji ni wa kweli na ni wa zamani. Ukaongezeka mradi wa bandari mpya ya Lamu, sehemu ya mpango mkubwa wa uchukuzi uitwao LAPSSET, ulipozinduliwa 2012. Wiki chache baada ya mauaji, serikali ilifuta hati za ekari 500,000 za kaunti hiyo zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22. Lakini uchungu huo anao mzee wa Faza, anao mwenye shamba Mkunumbi, wanao maelfu ambao hawajawahi kushika hata manati. Sababu inayowaenea watu maelfu haimtambulishi muuaji. Tena tamko la al-Shabaab lenyewe lilidai Mpeketoni ni mji wa Waislamu uliovamiwa na walowezi, likataja na kuuawa kwa masheikh. Yaani dai la ardhi lilikuwa tayari mdomoni mwa al-Shabaab wakati wengine wanalitumia kuthibitisha kwamba si wao.

Hukumu yangu, niliyokuwa nayo robo tatu tangu usiku ule wa hotuba, ni hii: al-Shabaab walipanga na kutekeleza, wakiwa na vijana wa Kenya katika safu zao, kikosi kile cha msitu wa Boni kilichokuja kujulikana kama Jaysh Ayman, na walitumia jeraha la ardhi walilolikuta. Kwa hiyo "wenyeji" walikuwamo kwa maana moja, na "wanasiasa" hawajaonekana kwa maana yoyote iliyothibitishwa. Mnaona? Huenda zangu zote zilikuwa na kazi.

Vijana, nawaomba, acheni tabia ya kuandika hukumu damu haijakauka. Mnaona picha kwenye kundi la WhatsApp, mnasambaza, mnaongeza jina la kabila la mtu, na kesho mtu huyo anafukuzwa alikopanga. Tenganisheni maswali. Muulizeni shahidi alikuwa wapi. Angalieni nani anafaidika, kisha endeleeni kutafuta. Ngojeni begi. Na mkishaandika, msione aibu kuandika "hili halijathibitishwa". Aibu ni ya anayejifanya anajua. Nimeyasema haya miaka yote na nitayasema tena, hata mniite majina.

Na wewe kijana wa Witu, msimamizi akitaka jina mpe sentensi nne, moja kwa kila swali, na kila moja uipe kiwango chake cha uhakika. Akikataa, mwambie anipigie. Asiende kwa yule mhariri wangu wa zamani, ambaye nasikia siku hizi anaendesha warsha za uhakiki wa habari, na kiingilio si cha mwanafunzi.