Siku ya ofu si uvivu: jibu kwa mnaosema tumebadilika

Ndugu zangu, maneno yamezidi. Inasemwa walioko ughaibuni wanafanya kazi siku tano na mbili wanastarehe, mashine zinawafanyia kila kitu, na asiyepokea simu saa nne asubuhi ameota kiburi. Halafu mdogo wetu mmoja anayejiandaa kuja akauliza, kwa nia njema kabisa: "Kama sheria za huko zinalinda mapumziko, mbona mnalia uchovu kila siku?" Hilo ndilo ninalojibu. Baridi na makaratasi mmeshasimuliwa vya kutosha.

Sheria zipo kweli. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2003, unataka mfanyakazi apate saa 11 mfululizo za mapumziko katika kila saa 24, siku nzima ya kupumzika kila wiki, likizo yenye malipo isiyopungua wiki nne kwa mwaka, na wastani wa kazi usiozidi saa 48 kwa wiki. Marekani ni habari nyingine: sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri kukupa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Kwa hiyo ukisikia "huko ng'ambo", uliza kwanza ni nchi gani na mkataba gani.

Zichukue hizo saa 11. Toa saa moja na nusu ya kurudi nyumbani kwa mabasi mawili, na nyingine kama hiyo ya kwenda tena. Zimebaki nane. Toa kupika, kula, kuoga na kufua sare. Zimebaki sita, na mtu mzima anahitaji kulala saa saba au zaidi. Rudia mara tano kwa wiki, unaifikia ofu ukiwa na deni la saa tano za usingizi. Mwenye waajiri wawili ndio kabisa, maana kila mmoja anaangalia saa zake tu.

Sasa kidonda chenyewe. Mara nyingi anayeila ofu si mwajiri, ni hesabu inayozunguka kichwani: nikilala leo, saa nane za ovataimu nimezitupa, na nyumbani kuna ada inadaiwa. Hesabu hiyo inaanza hata kabla mtu wa nyumbani hajaomba kitu. Msimamizi akipiga simu kwamba kuna pengo la zamu, mtu anaitikia kabla hajasikia ni zamu ya wapi. Na hili lina gharama. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitangaza mwaka 2021 kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo, wepesi wake wa kuitikia jambo unashuka kama wa mtu aliyekwisha kunywa pombe. Mtu huyo ndiye anayemwinua mgonjwa kitandani, anayeendesha foklifti, anayeshika usukani alfajiri kurudi kwake.

Wewe unayekuja, nisikilize. Pesa ya kutuma ipangie kwa saa za mkataba peke yake. Mkataba ukisema 40, tuma kutokana na 40, hata kama mwezi huo umefanya 52. Ukituma kwa 52, nyumbani watapanga maisha kwa 52, na ukifika mwezi wako wa tatu wa kutuma hivyo, ovataimu imekuwa lazima. Pesa ya saa za ziada iwekwe pembeni, ndiyo itakayolipia dharura bila kukutoa kitandani siku ya ofu. Tuma tarehe moja kila mwezi, ijulikane. Na zamu za ziada kataa.

Najua hapo najipinga, lakini kama nauli uliikopa, miezi ya mwanzo zichukue. Ila andika tarehe ya kuacha, maana deni likiisha mwili utakuwa umeshazoea na mdomo utaendelea kusema ndiyo.

Ukitoka zamu ya usiku vaa miwani ya jua njiani, kwa sababu mwanga wa asubuhi unauambia mwili kumekucha. Kahawa ya mwisho iwe walau saa sita kabla ya kulala. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua kwa nusu tu. Pazia liwe zito, na kingo zake zibandike ukutani kwa utepe, mwanga hupenyea hapo. Usingizi wa mchana hukatika mapema. Usigaragare kwa hasira: amka, kisha lala tena dakika 90 kabla ya zamu inayofuata, au 20 tu kama muda ni mdogo. Ukiamka katikati ya hapo unaweza kuamka mzito kuliko ulivyolala.

Kulala ni kitu kimoja, kukaa bila kufanya chochote ni kingine, na hiki ndicho kinachotushinda. Tenga saa tatu, siku ileile kila wiki. Kufua na makaratasi yasiingie humo. Simu iwe chumba kingine, kwa sababu kupekua makundi ya michango ya familia si kupumzika hata kidogo. Kaa. Nusu saa ya kwanza mkono utaitafuta simu na macho yataona vumbi, usiinuke kufagia. Hatia ikija, huja na kiasi cha pesa. Kiandike kwenye karatasi, kisubiri tarehe ya kutuma. Ukiumwa kichwa siku hiyo usidhani mapumziko yanakudhuru: aliyezoea vikombe vinne kazini akikaa siku nzima bila kahawa, kichwa huanza kugonga.

Nanyi wa nyumbani, nawapenda na nitasema wazi. Mkiambiwa mtu amelala mchana, amelala kwa sababu usiku alikuwa kazini. Kumwuliza "umelala mpaka saa hizi?" kunamrudisha kwenye ovataimu haraka kuliko msimamizi yeyote. Lakini msiache kupiga, tafadhali. Ukimya wenu unauma kuliko maombi yenu. Mwulizeni ratiba yake ya wiki, ibandikeni mahali, pigeni saa alizo macho. Na kwa dharura ya kweli, pigeni mara mbili mfululizo: simu nyingi zikizimwa sauti kwa ajili ya usingizi zinaweza kupangwa ziruhusu mwito wa pili wa namba ileile ukija ndani ya dakika chache. Aliyeipanga simu yake hivyo ataisikia.