Mleta mada, usimnunulie mama mbwa kabla hujasoma yaliyotukuta kwa mzee wetu

Mleta mada, usitume hizo pesa. Umeuliza mtoto wa mbwa wa mbegu gani anamfaa mama yako mwenye ugonjwa wa kusahau, anauzwa bei gani, na kama paka angefaa zaidi kwa kuwa mama anaishi na dada wa kazi tu. Na wachangiaji walionitangulia wameshakuchagulia hadi rangi. Mimi nilimnunulia baba mbwa kwa sababu zile zile ulizozitaja, upweke na kukosa shughuli, na siwezi kukaa kimya nikiona mwingine anaelekea shimoni huku akipigiwa makofi.

Aliyeniuzia alikuwa na maneno matamu kuliko mshenga. Alinihakikishia kwamba mbwa wa mbegu ile haumi, kwamba angemlinda mzee asipotee, na kwamba kazi ya kumlisha ingemrudishia kumbukumbu. Hakuna mnyama anayerudisha kumbukumbu. Seli za ubongo zilizokufa kwa Alzheimer, aina ya ugonjwa wa kusahau, hazifufuki kwa kulambwa mkono. Mnyama mpole anaweza kumpunguzia mgonjwa fadhaa na kumfanya azungumze, na hilo si jambo dogo, lakini mtoto wa mbwa anaota meno, na chochote kinachotikisika mbele yake, kiwe pindo la kikoi au kidole cha mzee, ni halali yake.

Jioni moja mdogo wangu alikuwa akimwogesha baba, akaona alama za meno juu ya kisigino, damu imeshaganda. Alipomuuliza ameumwa lini, baba alimjibu kwa upole kwamba nyumba hii haijawahi kufugwa mbwa. Mtu mwenye kumbukumbu zake angeosha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akawahi sindano za kuzuia kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo. Sisi hatukujua hata siku aliyoumwa. Tukajifariji kwamba mbwa ana kadi ya chanjo. Daktari wa mifugo aliitazama ile kadi, akauliza mbwa alizaliwa lini, kisha akatuonyesha kwamba kwa mujibu wa muhuri mbwa alichanjwa dhidi ya kichaa akiwa na umri wa wiki sita, ilhali chanjo hiyo kwa kawaida huanza kutolewa akifikisha miezi mitatu. Kumbe nilikuwa nimenunua muhuri, mbwa nikapewa kama nyongeza. Nilipompigia yule muuzaji, akaniambia nimshukuru Mungu kwa kuwa mbwa alikuwa mchangamfu.

Ilibaki njia moja, kumfungia mbwa na kumwangalia kwa siku 10, kwa sababu mbwa anayeambukiza kichaa wakati anauma huonyesha dalili au hufa ndani ya muda huo. Mbwa yupi sasa? Baba alikuwa na desturi ya kufungua geti akimsubiri ndugu yake aliyekwisha kufariki, na asubuhi ile mbwa alikuwa ameshakwenda zake. Basi ikabidi baba achomwe sindano zote, maana dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza karibu hakuna anayepona. Gharama ilituuma, lakini kilichotuuma zaidi ni kwamba kila tuliporudi hospitali alikuwa amesahau sababu, nasi tukawa tunamshika mikono mtu anayeamini kwamba watoto wake wamemleta kunyonywa damu. Sindano alizisahau, hofu hakuisahau. Ilifika mahali akakataa kunywa chai niliyommiminia mimi.

Kwa hiyo shika hili moja: mnyama asiwe wa mgonjwa. Awe na mwenyewe, mtu mwenye kumbukumbu zake, anayemlisha, anayetunza kadi ya kweli ya chanjo, na anayeweza kumwondoa pale mgonjwa anapochoka. Jirani yetu ana mbwa mzee asiye na haraka na dunia. Humleta mchana akiwa na kamba, hukaa miguuni pa baba, na huondoka naye kabla ya jioni, wakati ambao wagonjwa wengi huzidi kuchanganyikiwa. Usiku hakuna kiumbe kinacholala kati ya kitanda na choo kikamwangusha, na wewe uliyewahi kuuguza mfupa wa nyonga wa mtu mzima unajua kwa nini nalitaja hilo.

Wajapani, kwa taarifa yako, wanauza tangu 2005 sili bandia, yaani roboti mfano wa mnyama wa baharini, aitwaye Paro kwa ajili ya wagonjwa wa namna hii, na Marekani ilimpitisha kama kifaa tiba mwaka 2009. Bei yake inatosha kununua ng'ombe kadhaa, lakini wapo wazee wanaotulia hata kwa paka wa manyoya anayetumia betri. Cheka tu, huyo hahitaji kadi ya chanjo.

Bei na mbegu nawaachia hao waliokwisha kuchagua rangi. Mimi nataka uandike hapa jina la mtu atakayemchukua huyo mnyama siku mama atakapomkataa, na atakayejua ameumwa kabla damu haijaganda. Dada wa kazi usimtaje, kwa sababu yeye tayari anamlea mama, na hukumwajiri kwa ajili ya wawili.