Katalogi ya zamani ya riwaya, niitupe?

SWALI: Shikamoo dada. Mi niko Moshi, juzi nimenunua vitabu vya mtumba pale Mbuyuni, katikati nikakuta kijitabu hakina jalada, kumbe ni katalogi ya maktaba, hadithi tupu, jina la mwandishi, jina la kitabu na namba basi. Mzimu wa Watu wa Kale imo, Rosa Mistika sijaiona. Mwenzangu anasema hiyo ni ya kufungia karanga tu. Ina faida gani kwa msomaji wa kawaida?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na tafadhali sana isifike kwa muuza karanga.

Kwanza tuitafutie umri. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilitoka 1960, kwa hiyo orodha yako haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, endelea hivyohivyo, kila kitabu unachokipata angalia kilichapwa lini, kile kipya kuliko vyote ndo kinakusogeza karibu na mwaka wenyewe. Ila usikimbilie kusema ni ya kabla ya 1971 eti kwa sababu Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka huo, haimo, ile iliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na maktaba nayo inachagua, kitabu kisipokuwepo labda hela haikutosha, labda kuna mtu alikikataa.

Na kukataa hakujaanza jana. London kulikuwa na Charles Edward Mudie, alianza kuazimisha vitabu 1842, watu wanalipa gini moja (pauni moja na shilingi moja ya Kiingereza) kwa mwaka wanachukua kitabu kimoja kimoja, riwaya akiona haina heshima haingii kwake, na kwa vile alikuwa ananunua nakala nyingi mno wachapaji walikuwa wanamuogopa. Leo ukifungua katalogi zake unaona kabisa familia za enzi zile zilipewa kusoma nini.

Afu hizo namba usizidharau. Sisi tumezoea kuzunguka kwenye shelfu wenyewe, ila maktaba nyingi za umma Uingereza msomaji alikuwa haruhusiwi kugusa, anachagua kwenye katalogi, anataja namba, karani anamletea, mpaka 1894 ndo maktaba ya Clerkenwell, London, ikawaruhusu watu waingie wajichagulie. Maktaba ya umma ya Boston huko Marekani 1875 walichapa orodha ya riwaya za historia zimepangwa kwa zama zinazosimuliwa, yaani unataka hadithi ya karne fulani unaipata bila hata kumjua mwandishi, natamani sana na sisi tungekuwa nayo ya Kiswahili.

Ya kwako haijafika huko lakini kwetu ni mali, maana kuna riwaya za Kiswahili za miaka ya 60 na 70 zilichapwa zikaisha, dukani hakuna, kwenye intaneti hakuna, huenda hiyo mistari miwili kwenye katalogi yako ndo inayokuambia zilikuwepo. Chagua waandishi watatu usiowajua kabisa, piga picha kurasa zao kwa simu, nenda maktaba ya mkoa hapo Moshi, ukikosa panda gari uje Arusha, uliza kwa jina la mwandishi kwanza. Wazee pia waulize, mi kuna riwaya niliitafuta miaka nikaja kuikuta kabatini kwa mwalimu mstaafu huku Tengeru, kurasa zimeshonwa kwa uzi, akaniazima siku nne.

Ukiipata hata moja niandikie, nije niisome.