Jibu: Mnajuaje palikuwa na milima kwenye tambarare?

Ndugu, umeuliza wanajiolojia wanajuaje kwamba palikuwa na milima mahali ambapo leo ni tambarare. Wanasoma mawe.

Mabara mawili yakigongana, hakuna linalozama kirahisi, maana yote ni mepesi kuliko miamba ya chini yake. Ukoko, yaani tabaka la mwamba la juu la dunia, unakunjamana na kunenepa juu na chini. Chini ya Tibet, ambako India inaigonga Asia, umefika unene wa kilomita 70 hivi, karibu maradufu ya kawaida.

Huko chini ndiko kwenye utamu. Tope la bahari likifukiwa hivyo hugeuka shisti, jiwe la matabaka membamba, kisha gneisi, jiwe gumu lenye mistari myeupe na myeusi. Tazama madini ya kayanaiti, silimanaiti na andalusaiti: viambato ni vilevile kabisa, ila kayanaiti huhitaji mgandamizo mkubwa zaidi. Ukiiokota juu ya ardhi, ujue iliumbika kilomita nyingi chini, na mzigo uliokuwa juu yake umeliwa na mmomonyoko.

Ukanda wa Msumbiji, mkanda wa miamba ya kale unaopita Afrika Mashariki, ulitokana na migongano iliyoiunga Gondwana, bara kuu la kale, miaka milioni 650 hadi 550 hivi iliyopita. Milima yake ilikwisha zamani. Tanzanaiti ya Mererani imo kwenye miamba hiyohiyo. Kilimanjaro usiuhesabu hapo, huo ni wa volkano, tena wa juzi tu.