Maswali ya Wasomaji: Kufunga Mizigo na Kuvaa kwa Masomo ya Ng'ambo

Barua tulizozichagua safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaojiandaa kwenda masomoni nje ya nchi kwa mwaka mmoja au zaidi, pamoja na mzazi mmoja anayemwandaa mwanawe. Tumezifupisha, ila hoja za waandishi tumeziacha kama zilivyo.

SWALI: Ndugu Mshauri, nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili kwa miaka miwili katika nchi ya baridi, ambako masomo huanza mwezi Septemba. Tiketi yangu inaniruhusu sanduku moja la kilo 23 na begi la mkononi la kilo saba. Nimefunga na kufungua mizigo mara nyingi, na kila nikipima inazidi. Sijawahi kuishi kwenye baridi. Nichukue nini, na niache nini?
Mwanafunzi wa uzamili

JIBU: Hongera kwa nafasi hiyo. Sanduku lako linazidi uzito kwa sababu unataka kuihamisha miaka miwili kwa siku moja, na kilo 23 hazitoshi kwa kazi hiyo. Mwanafunzi anayekwenda kukaa muda mrefu hufungasha mahitaji ya wiki mbili au tatu za mwanzo, kabla hajaufahamu mji na kujua pa kununulia vitu, kisha huongeza vile ambavyo huko aendako hawezi kuvipata, au akivipata haviwi sawa na vyake. Vingine vyote vinaweza kusubiri, na mara nyingi ni heri visubiri. Wenyeji wa nchi za baridi huuziwa nguo zilizoshonwa kwa ajili ya baridi yao, ilhali koti lililochaguliwa na mtu asiyewahi kuishi kwenye baridi huenda likawa zito mabegani na bado likapitisha upepo.

Anza na hesabu ya uzito. Sanduku gumu la ukubwa wa juu, likiwa tupu, huwa na kilo nne hadi tano, kwa hiyo umebakiwa na kilo 18 au 19 za vitu vyenyewe. Suruali moja ya jinzi hukaribia robo tatu ya kilo, na buti zikijumlishwa na koti nene hufika kilo tatu bila shida. Ndiyo maana wasafiri wazoefu hupanda ndege wakiwa wamevaa buti na koti, hata kama wanakotoka ni joto, maana kilichovaliwa mwilini hakipandishwi kwenye mizani. Pima sanduku likiwa limefungwa kabisa, na ujiachie nafasi ya kilo moja, kwa kuwa mizani ya nyumbani na ya uwanja wa ndege hazilingani kila mara. Angalia na vipimo pia: mashirika mengi ya ndege hutaka urefu, upana na kina cha sanduku vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Hata ukiwa tayari kulipia uzito wa ziada, kwa kawaida sanduku moja halipokelewi likipita kilo 32, kwa sababu kuna binadamu atakayelinyanyua.

Sasa tuje kwenye baridi yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo wageni wengi hukosea. Nguo haina joto lake. Kazi yake ni kuzuia joto la mwili wako lisitoroke, na kinacholizuia zaidi ni hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo. Kwa hiyo nguo tatu nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine hukinga baridi kuliko moja nene ya uzito uleule. Inayogusa ngozi iwe ya sufu laini au ya poliesta, ili jasho lisikae mwilini. Ya katikati iwe sweta au kitambaa chenye manyoya mafupi, ambacho ndicho kinachohifadhi ile hewa. Ya nje izuie upepo na mvua. Pamba, ambayo tumeizoea na kuipenda, haifai kugusa ngozi siku ya baridi kali, kwa sababu hunyonya jasho na kubaki na unyevu, na nguo yenye unyevu huupoza mwili haraka sana. Koti lililojazwa manyoya ya bata ni jepesi na lina joto jingi, lakini likilowa manyoya hushikana na kupoteza kazi yake, hivyo halifai peke yake mahali penye mvua nyingi.

Uvaaji huu una faida nyingine ambayo mgeni huigundua wiki ya kwanza tu. Majengo ya vyuo katika nchi za baridi hupashwa joto, na aliyevaa vazi moja zito juu ya fulana nyembamba hutokwa na jasho darasani kwa saa mbili, kisha hutoka nje na jasho lile kukutana na upepo. Mwenzake aliyevaa nguo tatu huvua moja akiingia na kuivaa akitoka.

Kwa kuwa unafika Septemba, huna haja ya kubeba koti la kipindi kigumu kabisa. Katika kizio cha kaskazini, mwezi huo ni mwanzo wa majira ya vuli, na una wiki kadhaa kabla ya baridi kali kuingia. Chukua jaketi moja lisilopitisha maji, lenye kofia na nafasi ya kuvaa sweta ndani yake, kisha wachunguze wanafunzi wenzako wanavaa nini wanapotembea kwenda darasani, ndipo ununue. Wanafunzi wanaomaliza masomo na kurudi makwao mara nyingi huuza makoti yao mazuri kwa bei ya kutupa. Anayekwenda kizio cha kusini, kama vile Australia, akumbuke kwamba majira huko yamegeuka: Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi.

Kuhusu idadi, mimi ningetosheka na nguo za ndani na soksi za siku kumi, fulana mbili za kugusa ngozi, sweta mbili, suruali tatu, na mashati au blauzi tano ambazo kila moja inakubaliana na kila suruali. Shati linalopendeza na suruali moja tu limekula nafasi bure. Ongeza vazi moja la heshima kwa siku ya usaili, ya kuwasilisha kazi mbele ya jopo, au ya kualikwa na profesa. Kama masomo yako yana maabara, hakikisha unayo suruali ndefu ya pamba na viatu vilivyofunika mguu wote, kwa sababu nyuzi za kiwandani huyeyuka na kuganda kwenye ngozi zinaposhika moto. Hapo pamba ndiyo rafiki yako.

Viatu nisingependa uvichukulie kirahisi, kwa kuwa mwanafunzi ng'ambo hutembea sana. Jozi mbili zinatosha, moja ikiwa haiingizi maji, na zote ziwe zimevaliwa wiki kadhaa kabla ya safari hadi zikaulainikia mguu. Buti zichaguliwe ukiwa umevaa soksi nene na vidole vikipata nafasi ya kucheza ndani. Kubananisha soksi jozi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu kupita na kuondoa ile hewa tuliyoisema, na mguu huishia kupata baridi zaidi.

Begi la mkononi lipange kana kwamba sanduku halitafika. Ndani yake ziwemo pasipoti, barua ya udahili, vyeti halisi vya masomo, dawa, miwani, kompyuta, fedha, na nguo za kubadilisha mara moja pamoja na sweta. Pasipoti ikague leo, kwa sababu nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa angalau miezi sita. Vimiminika vya begi la mkononi, katika viwanja vingi, bado hutakiwa kuwa katika vichupa visivyozidi mililita 100, vikiwa pamoja ndani ya mfuko mmoja wa plastiki angavu wa lita moja.

SWALI: Mwanangu wa kiume anakwenda chuo ng'ambo. Nimemnunulia blanketi mbili, mashuka, sufuria, pasi na birika la umeme, naye anakataa kuvibeba. Je, si vema afike akiwa na kila kitu?
Mama wa mwanafunzi

JIBU: Mama, uliyoyafanya ni malezi, na mwanao hakatai upendo wako anapokataa birika. Tatizo ni kwamba vitu hivi ndivyo vinavyopatikana kwa urahisi zaidi huko aendako, na vingine havitafaa. Vipimo vya vitanda hutofautiana baina ya nchi na nchi, hivyo mashuka yanaweza kuwa mafupi. Blanketi mbili nene zitakula karibu robo ya uzito anaoruhusiwa.

Pasi na birika zina tatizo lao. Marekani hutumia umeme wa volti 120 na Japani volti 100, wakati nchi nyingi za Afrika, Ulaya na Asia hutumia 220 hadi 240. Geuza chaja ya simu au ya kompyuta usome maandishi madogo yaliyo mgongoni mwake: yakisema 100-240V, inafanya kazi popote, na kinachohitajika ni adapta ya plagi tu. Vifaa vya kutoa joto mara nyingi huandikwa volti za aina moja, na adapta haibadilishi volti. Pasi ya volti 120 ikichomekwa kwenye 240 huungua, na ya 240 kwenye 120 haipati joto la maana. Isitoshe, mabweni mengi hukataza vifaa vya kupasha joto vyumbani kwa kuhofia moto.

Msaada ambao mzazi pekee anaweza kuutoa kwa wakati huu ni mwingine. Mpeleke kwa daktari wa meno na wa macho kabla hajaondoka, na kama anavaa miwani, atengenezewe ya pili na abebe karatasi ya vipimo. Kitafute cheti chake cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nacho, hata kama juu yake kimeandikwa miaka 10. Baki na nakala za hati zake zote. Na umsisitizie kwamba asipokee kifurushi cha mtu yeyote ambacho hakukifungua na kukikagua mwenyewe, hata kikiletwa na jamaa.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Ninavaa hijabu na nimekubaliwa kusoma Ufaransa. Nimesikia kwamba huko imepigwa marufuku. Je, nitalazimika kuivua?
Binti wa miaka 19

JIBU: Marahaba, binti yangu. Ulichosikia ni kweli nusu, na hiyo nusu inategemea ni wapi hasa utasoma. Sheria ya Machi 2004 inakataza alama za dini zinazoonekana wazi kwa wanafunzi wa shule za umma za msingi na sekondari. Vyuo vikuu havimo katika sheria hiyo, kwa hiyo mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kuvaa hijabu darasani. Lakini zipo kozi za baada ya sekondari zinazofundishwa ndani ya majengo ya sekondari, kama madarasa ya maandalizi ya kuingia vyuo vya juu, na huko sheria ya shule ndiyo inayotumika. Soma barua yako ya udahili uone taasisi ni ya aina gani, na ukibaki na shaka iandikie ofisi ya wanafunzi kabla ya kulipia chochote. Sheria nyingine, ya Oktoba 2010, inakataza kufunika uso hadharani. Hiyo inahusu nikabu, si hijabu inayouacha uso wazi.

Maabarani chagua mtandio wa pamba, usio na ncha zinazoning'inia, uuchomeke ndani ya koti la maabara. Kwa matumizi ya kila siku mitandio minne au mitano inatosha, mmoja ukiwa wa sufu nyepesi, kwani utakulinda shingo na masikio vizuri kuliko kofia nyingi. Uwanjani, ukiombwa kukaguliwa kichwani, una haki ya kuomba ukaguliwe na askari wa kike mahali pa faragha. Omba kwa utulivu; wakaguzi wamelizoea ombi hilo.

SWALI: Natumia dawa kila siku, na nina pawabenki kubwa. Naviweka wapi? Na sanduku likipotea nifanye nini?
Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

JIBU: Vyote viwili viwe mkononi. Dawa zibaki katika pakiti zake zenye jina lako, pamoja na barua ya daktari inayotaja jina la kitaalamu la dawa na kipimo, na ubebe za kutosha hadi utakapomwona daktari wa huko. Kabla ya hapo uliza ubalozi wa nchi hiyo, kwa sababu dawa ya kawaida mahali pamoja huweza kuwa marufuku mahali pengine. Japani, kwa mfano, hairuhusu baadhi ya dawa za mafua zenye kiwango kikubwa cha pseudoephedrine.

Pawabenki hairuhusiwi kabisa katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, kwa sababu betri za lithiamu zinaweza kushika moto. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Ikiwa yako imeandikwa miliampea-saa tu, zidisha namba hiyo kwa 3.7 kisha ugawe kwa 1,000: ya 20,000 ni wati-saa 74, kwa hiyo inakubalika. Isiyo na maandishi yoyote iache, kwani inaweza kuzuiwa uwanjani.

Sanduku lisipotokea, usitoke eneo la kupokelea mizigo bila kujaza fomu ya taarifa na kupewa namba yake. Piga picha ya sanduku kabla ya safari, ndani na nje, na uweke karatasi yenye jina na anwani yako ndani, kwa kuwa kibandiko cha nje huweza kuchanika. Tunza stakabadhi za nguo na vitu vya lazima utakavyonunua wakati wa kusubiri. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaotumika katika safari nyingi za kimataifa, unakutaka ulalamike kwa maandishi ndani ya siku saba tangu kupokea mzigo ulioharibika, na ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa mzigo uliochelewa. Siku hizo zikipita, unapoteza haki ya kulidai shirika.